Phoenix ya babu: nifunike mikwaruzo kwa rangi, au niiache ilivyo?

Mpwa wa Newala

Wakubwa shikamooni, wenzangu salamu.

Mwezi wa tisa mjomba alinikabidhi baiskeli. Phoenix ya kiume, ile ndefu ya tairi inchi 28, breki za vyuma, kava la cheni lipo, kengele ipo na inalia. Aliyeinunua ni kaka yake bibi, ambaye sisi sote tulimwita babu, kwa hela ya korosho za msimu wa 1973/74. Wazee wa Newala msimu ule wanauhadithia mpaka leo. Nchi nzima ilitoa karibu tani 145,000, halafu mavuno yakaporomoka na ikachukua miaka mingi sana kufika pale tena. Babu alimpa mpwa wake, yaani mjomba wangu. Mjomba naye kanipa mimi, mpwa wake. Kwa wasio wa kusini: kwetu mali ya mwanaume ndivyo inavyotembea, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Nasema hivi ili mjue kwamba sikuiokota sokoni.

Ilishuka Mtwara juu ya basi, kwa njia ya Tandahimba na Nanyamba, imebanwa na magunia. Mikwaruzo mingine imeipata siku hiyohiyo. Mingi lakini ni ya zamani. Rangi yake ni kijani iliyofifia, na kila palipochubuka panatokea weusi. Kwenye keria, mipira ya kufungia mzigo imekula rangi yote pembeni. Uma wa mbele una alama ndogondogo za mawe. Na kwenye bomba la juu, karibu na shingo ya usukani, kuna sehemu kama urefu wa kiganja imeliwa kabisa, chuma kitupu. Pale ndipo nilipokuwa nakaa nikiwa mtoto, mjomba akinipeleka shambani. Nikipita pale uani nagusa hapo kwanza kabla sijagusa kingine.

Tatizo ni hili. Kule juu Newala baiskeli imekaa miaka na mikwaruzo yake, hakuna lililotokea. Hapa nakaa Shangani, bahari naisikia usiku. Haijamaliza miezi miwili, mikwaruzo imeanza kuwa myekundu. Kile kiganja cha chuma kitupu kimeshakuwa kama ukoko wa wali.

Mjomba kanipigia simu: "Ipake yote, ing'ae. Usinitie aibu mjini." Rafiki zangu wananiambia nisiiguse, uzuri wake ndio huo, ukiipaka unaifuta babu. Nimenunua kopo la nusu lita la kijani, brashi na msasa. Wiki ya tatu hii kopo halijafunguliwa. Kila nikishika bisibisi kulifungua naona kama nafuta kitu ambacho hakirudi.

Naomba mawazo ya waliowahi kufanya, si ya kubahatisha. Nawasilisha.

Mstaafu Nachingwea

Marahaba mwanangu.

Mimi niko upande wa mjomba wako, na nitakueleza kwa nini, maana ninyi vijana mnadhani wazee tunapenda kung'aa tu.

Enzi zetu baiskeli ilikuwa inaoshwa Jumamosi. Unaipindua magurudumu juu, unapitisha kitambaa katikati ya spoku moja moja, unatia mafuta ya taa kwenye cheni, unamalizia na grisi. Mtu akikutana na wewe njiani anajua nyumba unayotoka kwa kuangalia rimu zako. Baiskeli iliyochubuka ilikuwa na maana kwamba mwenye nayo ameelemewa, au hajali. Sasa mjomba wako amekupa kitu alichokitunza, halafu anasikia kwamba huko mjini kimeota kutu. Yeye anasikia hivi: mpwa wangu hanitunzii.

Mtu aliyeishi na uchakavu kwa kukosa hela haupendi uchakavu. Anayeupenda ni yule ambaye angeweza kuuondoa leo akitaka. Lifikirie hilo kabla hujasema kutu ni uzuri.

Fundi Mikindani

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika jambo moja muhimu ukalipita. Umesema rangi ni kijani, na palipochubuka panatokea weusi. Phoenix za zamani zilizoletwa huku kwa kawaida zilitoka kiwandani nyeusi, na mstari wa dhahabu. Kwa hiyo kijani unachokiona si cha kiwandani, kuna mtu aliipaka. Na ule weusi unaouita mkwaruzo ndiyo rangi ya asili ya baiskeli, ile iliyochomwa kwenye tanuri la kiwanda, ngumu kuliko rangi yoyote utakayopaka kwa brashi.

Hii inakusaidia sana, kwa sababu tabaka mbili zinakupimia kina. Palipo na weusi, mkwaruzo haujafika chumani. Hapo huna ugonjwa, una alama tu. Ukipaka unapaka kwa macho yako, usipopaka hakuna kitakachoharibika. Palipo na wekundu ndipo penye kazi. Chukua taa, uzunguke baiskeli nzima taratibu, kila penye wekundu weka alama ya chaki. Nakuhakikishia utashangaa jinsi sehemu zenyewe zilivyo chache.

Kuhusu Newala na Shangani: kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi inaongeza kasi, kwa sababu kutu kimsingi ni umeme mdogo unaotembea juu ya chuma, na maji ya chumvi yanaupitisha vizuri kuliko maji ya mvua. Chumvi pia inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua chuma chako kina jasho. Mkwaruzo ambao Newala ungekaa mwaka, hapa una wiki mbili.

Kuna jambo watu hawaliangalii. Pitisha ukucha pembeni mwa kila mkwaruzo mwekundu. Kama rangi ya pembeni imevimba au inabonyea, kutu imeshatambaa chini yake. Ile lazima ikwanguliwe mpaka ufike kwenye rangi iliyoshika, hata kama kidoa kitakuwa kikubwa mara tatu. Ukipaka juu yake umeifunika tu, itaendelea kula gizani.

Kazi yenyewe. Osha kwa sabuni na maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Kausha juani. Msasa namba 120 kutoa kutu mpaka uone chuma cheupe, halafu 240, halafu 400 kulainisha kingo mpaka kidole kisisikie ngazi kati ya rangi na chuma. Futa kwa kitambaa safi chenye thina, nje penye hewa na mbali na jiko. Kuanzia hapo usishike tena kwa mkono, mafuta ya vidole yanakataza rangi kushika. Paka praima nyekundu ya chuma siku hiyohiyo. Chuma kilichosuguliwa ukikilaza usiku mmoja Mtwara, asubuhi unakikuta kina manyoya ya kutu. Kisha rangi ya mafuta, nyembamba, mara mbili au tatu, kila tabaka lilale siku nzima. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, uache kabla ya saa kumi. Rangi iliyonyeshewa umande inakufa mng'ao.

Usipake namba ya fremu. Itafute chini ya kikombe cha pedali au kwenye bomba la siti, ndiyo ushahidi wako ikiibwa. Usipake ndani ya rimu ambapo raba za breki zinashika. Na kabla hujaanza chomoa bomba la siti, pindua baiskeli juu chini, uone kinachotoka. Wengi wanahangaika na mkwaruzo wa nje wakati fremu inaliwa kwa ndani na maji yaliyoingilia kwenye siti.

Msafiri wa Masasi

Naongezea moja tu kwa sababu liliniumiza.

Niliwahi kununua baiskeli iliyopakwa upya, nyekundu inang'aa, muuzaji akaniapia. Mwezi wa pili, natoka Masasi kwenda Ndanda na gunia la mbaazi, fremu ikaachia pale bomba la chini linapoungana na shingo. Niliumia bega. Fundi alipoikwangua akaniona nilivyoduwaa: ufa ulikuwepo siku nyingi, rangi ilipakwa juu yake.

Kwa hiyo kabla ya kupaka popote kagua viungo. Ufa mara nyingi unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu uliochorwa kwa kalamu, umenyooka, haufanani na mkwaruzo. Ukiona hivyo achana na kopo la rangi, peleka kwa mchomeleaji kwanza. Tangu siku ile mimi nanunua baiskeli yenye mikwaruzo yake. Mikwaruzo hainifichi kitu.

Binti Kivinje

Mzee wa Nachingwea, shikamoo. Maneno yako yamenigusa, hasa ya mwisho, lakini naomba nisimame katikati.

Kwetu Kilwa tuna Kisiwani pale, magofu ya mji wa kale. Msikiti mkubwa, jumba la Husuni, kuta za matumbawe na chokaa. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufukwe na kuta zinaanguka. Ikafanyika kazi, na mwaka 2014 ikatolewa kwenye orodha hiyo. Nimevuka kwenda kule mara nyingi. Kilichofanyika si kupaka rangi wala kujenga upya yale mapaa yaliyokwenda. Nyufa zimezibwa kwa chokaa, kuta zimeimarishwa, mizizi na vichaka vimeondolewa, kando ya maji pakawekwa kinga dhidi ya mawimbi. Ukisimama ndani unaona kwamba pameliwa, na hapo hapo unajua kwamba hapataliwa zaidi.

Kwa baiskeli yako naona hivyohivyo. Simamisha kutu. Basi. Usiirudishe dukani. Mjomba anataka kuona mkono wa mtu juu yake, na mkono utaonekana hata kama haing'ai.

Mchonga Mpingo

Mimi nachonga, na kwenye kuchonga jambo hili tunalo kila siku: kinyago kikipata mkwaruzo, unasugua au unauacha?

Kuna alama inayotokana na mkono na kuna alama inayotokana na ajali. Bibi yangu alikuwa na nembo usoni, yaani chale za kimakonde kabisa, mistari ya pembepembe kuanzia shavuni. Watu wa mjini wakimwona wanamwita "mwenye makovu". Yeye alikuwa akikasirika sana. Alisema kovu linampata mtu, nembo mtu anaikalia. Alikaa chini, akavumilia maumivu, ikachorwa kwa kusudi na ikawa na maana kwa ukoo wake.

Nawasikia watu wakisema mikwaruzo ya baiskeli ni kama nembo, ni historia. Siyo. Hakuna aliyekaa akaichagua ile. Mingine ni basi na magunia, umesema mwenyewe. Ila ile sehemu ya bomba la juu, kama kweli imelainishwa na mtu kukaa mara elfu, hiyo iko karibu na mpingo unaoshikwashikwa. Mpingo ukishikwa miaka unapata mng'ao ambao msasa na kiwi haviwezi kuuleta. Hiyo ningeiacha. Mingine yote paka bila kuwaza.

Mpwa wa Newala

Nimewasoma wote, mara mbilimbili. Asanteni sana.

Fundi, nimefanya ulivyosema. Nimezunguka na taa na chaki jana usiku. Sehemu nyekundu ni saba tu! Nyingine zote ni weusi, na kwenye bomba la siti, chini ya kijani, nimekuta kipande cha mstari wa dhahabu. Nimempigia mjomba kumuuliza. Ametulia kidogo halafu akasema kweli, aliipaka yeye. Alishuka Mtwara kipindi fulani, jamaa yake wa Msangamkuu alikuwa anapaka mashua, ikabaki rangi, akapewa. Kwa hiyo miaka yote hii mimi naililia "rangi ya babu" kumbe ni rangi ya mashua.

Namba ya fremu nimeiona, sijaigusa. Viungo havina ufa. Nilipopindua fremu maji hayakutoka, ila unga wa kutu umetoka kiasi cha kijiko.

Ila swali langu limebaki palepale: lile bomba la juu. Linanisumbua. Ukoko wake si kama wa sehemu nyingine, una vishimo vidogovidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mchonga, nakubaliana na wewe niiache. Nifanyeje ili ibaki chuma kitupu bila kuoza?

Dada wa Mchinga

Mimi sina baiskeli ya urithi, nina ya kazi. Nabeba samaki kutoka pwani kwenda Lindi mjini na vijiji vya barabarani. Ndoo inachuruzika maji ya chumvi juu ya keria kila siku ya Mungu. Kila mwaka kusi ikianza napaka upya keria na uma, sifikirii mara mbili. Keria ya kwanza niliiacha na mikwaruzo yake, haikumaliza miaka miwili, ikakatika na samaki wakamwagika barabarani.

Na nakushauri kitu kidogo: pale mipira inaposugua, zungushia kipande cha tyubu kuukuu, ukibane vizuri. Mpira usugue mpira. Ila ukifungue kila mwezi ukaushe, maana chini yake maji yanajificha.

Fundi Mikindani

Dada wa Mchinga amesema kweli tupu, hasa la kufungua na kukausha.

Mpwa, hivyo vishimo vinanitia shaka. Chuma kilicholainishwa na makalio na mikono kinakuwa laini, hakiwi na vishimo. Vishimo ni tindikali. Muulize mjomba kama baiskeli hii ilibeba salfa.

Nyie wa mikoroshoni mnaijua. Tangu mwezi wa tano au wa sita maua yanapoanza, watu wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Mfuko kilo 25, unalazwa katikati ya fremu au juu ya bomba, unavuja unga njia nzima. Salfa kavu ni mpole. Ikilala juu ya chuma chenye unyevu inageuka kidogokidogo kuwa tindikali, na inatoboa rangi na chuma. Mashine za kupulizia ninazoletewa huwa zimeliwa hivyohivyo, vishimo vilevile.

Kama ni hivyo, hapo ndipo mahali pa kwanza kutibu, si pa kuacha. Sugua kwa brashi ngumu, osha kwa maji yenye kijiko cha magadi kuua ile tindikali, suuza sana, kausha, sugua tena kwa msasa mpaka ndani ya vishimo pawe peupe.

Unataka chuma kionekane? Inawezekana, lakini nakwambia gharama yake. Vanishi ya kung'aa juu ya chuma kitupu haishiki kama rangi iliyo juu ya praima. Ikipata tundu dogo tu, kutu inatambaa chini yake kama nyuzi na unaiona kabisa bila kuweza kuigusa, mpaka uibandue yote. Njia nyingine ni nta, ile ya mishumaa ukiiyeyusha na mafuta kidogo, au mafuta ya cherehani, unapaka kwa kitambaa na kukausha. Hiyo kwa Shangani ni kila wiki. Si kila mwezi, kila wiki, na kila ukinyeshewa. Ukisafiri wiki tatu umeshachelewa. Jiulize kama wewe ni mtu wa kila wiki.

Mstaafu Nachingwea

Binti Kivinje, marahaba mjukuu wangu. Mfano wako wa Kisiwani nimeutafakari. Nakubali kwamba kutunza na kung'arisha ni mambo mawili. Bado naamini mjomba ana haki ya kuona kazi imefanyika, lakini sisemi tena lazima iwe kama imetoka kwenye sanduku.

Mpwa wa Newala

Ndugu zangu, narudi na majibu. Imechukua wiki mbili.

Nilimuuliza mjomba kuhusu salfa. Alicheka kwa muda mrefu, halafu akasema hakuna msimu ambao baiskeli ile haikubeba salfa tangu aanze kupuliza. Mfuko analaza juu ya bomba, mkono mmoja anaushika, anasukuma kwa miguu kwa sababu kwenye mchanga hapandiki.

Nikamwambia, lakini pale ndipo nilipokuwa nakaa mimi.

Akasema hapana. "Wewe ulikuwa unakaa nyuma, kwenye keria. Nilikuwa nakufunga na kitenge cha mama yako, ulikuwa unasinzia. Nani atamweka mtoto mbele kwenye salfa?"

Nilikaa kimya, kwa sababu ninakumbuka kabisa kukaa mbele. Nakumbuka upepo na usukani. Labda ilikuwa baiskeli nyingine, labda ni mtoto mwingine nilimwona. Nilikuwa tayari kuacha chuma kioze kwa ajili ya kumbukumbu hiyo.

Kwa hiyo kazi nimeifanya hivi. Bomba la juu nimelisugua, nimeliosha kwa magadi mara mbili, praima, na rangi tabaka tatu. Vishimo bado unavisikia ukipitisha kidole, sikujaza kitu. Sehemu nyingine nyekundu nazo nimezipaka. Rangi ilinisumbua: kijani cha kopo kilikuwa kikali mno pembeni ya kijani cha mashua kilichofifia. Nikachanganya nyeupe kidogokidogo kwenye kifuniko, nikawa napaka kwenye bati, nasubiri ikauke ndipo nalinganisha, maana ikiwa mbichi inadanganya. Mara ya nne ndipo ikakaribia. Ukisimama hatua tatu huoni. Ukisogea unaona, na sioni ubaya.

Weusi wote nimeuacha. Sijapaka kijani juu ya weusi hata sehemu moja. Pale penye mstari wa dhahabu nimekwangua kijani taratibu kwa ukucha na kipande cha mti, umetokea kama urefu wa kidole. Rimu nimezisugua kwa ndimu, nikasuuza haraka na kukausha, zimerudi vizuri kuliko nilivyotegemea. Pembeni mwa keria nimepaka halafu nimezungushia tyubu kama Dada alivyosema. Nimeweka daftari ukutani, tarehe ya kufungua na kukausha.

Juzi mjomba ameshuka kwa shughuli zake za chama cha msingi cha ushirika. Nilimtolea baiskeli uani. Aliizunguka kama anakagua korosho, akapiga kengele, akapiga magoti akaangalia chini ya kikombe cha pedali. Halafu akafika kwenye ule mstari wa dhahabu. Akalowesha kidole kwa mate, akaufuta.

Akaniuliza, "Hii ilikuwepo?" Nikamwambia ilikuwepo, wewe ndiye uliyeifunika. Akasema babu yako alikuwa hataki mtu aweke mguu pale wakati wa kupanda, aliogopa mstari utachubuka.

Kuhusu weusi aliniuliza kwa nini sikumaliza. Nikamweleza kama Fundi alivyonieleza, tabaka kwa tabaka. Hakusema ndiyo wala hapana. Akaomba kopo lililobaki apeleke Newala, ana jembe la kukokotwa na toroli vinahitaji rangi. Nimempa na brashi.

Mchonga Mpingo

Mpwa, umefanya vyema kuuliza kabla ya kusugua. Mimi ningesugua bila kuuliza, au ningeacha bila kuuliza.

Huo mstari wa dhahabu usiupake chochote cha kung'arisha chenye mchanga mchanga. Kitambaa laini na maji tu. Ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Binti Kivinje

Mpwa, tafadhali andika mahali maneno ya mjomba. Ya salfa, ya kitenge, ya mashua ya Msangamkuu. Fremu haikukwambia hata moja, ulimuuliza ukaambiwa. Mimi sikumuuliza mtu nilipokuwa na nafasi.

Mpwa wa Newala

Nimeshaanza, dada. Daftari lilelile la ukutani, kurasa za nyuma.

Msafiri wa Masasi

Swali kwa Fundi: mimi nina yangu inataka kazi kama hii, lakini mvua zimeanza huku. Naweza kupaka sasa hivi ndani ya banda?

Fundi Mikindani

Kutoa kutu, kuosha na praima fanya sasa, usisubiri, chagua siku mbili za jua zinazofuatana. Rangi ya mwisho ningesubiri. Kwenye banda mvua haiingii lakini unyevu unaingia, utaona rangi inabaki inanata siku nne. Wakati mzuri kwetu ni mvua zikishakatika, mwezi wa sita hivi, ila hapo kusi inavuma, kwa hiyo paka sehemu iliyokingwa na vumbi. Praima peke yake haizuii maji muda mrefu, kwa hiyo mpaka wakati huo ipitishie mafuta ya cherehani kidogo kila wiki, na siku ya kupaka uyafute yote kwa thina kabla ya msasa. Ukiacha mafuta chini ya rangi, itabanduka kama ganda la ndizi.

Msafiri wa Masasi

Asante Fundi. Kesho naanza na viungo.